Kondoo Watatu, Betri Tatu

Usiku betri hulala ndani pamoja nasi,
kando ya jiko, imefunikwa kipande cha sufu
kama mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya msimu.
Nje kuna baridi ya kupasua mawe.
Asubuhi naibeba kwa mikono miwili,
nafunga chanya, kisha hasi mwisho, kama ulivyonifundisha,
nabonyeza stata:
tk. tk. tk.
Leo hata hiyo tk ikakoma.

Purevdorj alipita juu ya ngamia wake, hakushuka.
"Betri imekufa," akasema. "Uza kondoo, nenda sokoni."
Soko liko mwendo wa siku nzima,
na chombo cha kunipeleka ndicho hicho kilichogoma.

Nikakukumbuka, Baba.
Mwaka wa theluji nene uliuza yule mwenye uso mweusi.
Uliofuata, mmoja wa mapacha.
Mwaka juzi, jike mwenye sikio lililokatwa,
aliyezoea kumfuata mama hadi kisimani.
Kondoo watatu, betri tatu,
na kila majira ya baridi
tk, tk, tk.

Nikaitoa ile mita ya umeme
uliyoiita nyoka wa vichwa viwili ukakataa kuishika.
Solongo akabana tochi kwa meno.
Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi:
kumi na mbili nukta sita.
Nikapima tena, nikidhani nimesoma vibaya.
Kumi na mbili nukta sita, Baba.
Maiti hapumui hivyo.

Fyuzi niliichomoa, nikaiinua dhidi ya weupe wa theluji:
kijiuzi chake kizima.
Taa ya mbele ilipepesa, manjano, kama jicho la mgonjwa.
Nikabonyeza stata huku nikitazama namba.
Betri iliyochoka ingeporomoka.
Hii ilitikisika kidogo tu, ikasimama,
kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo wenyewe wamehama.
Basi nguvu ipo. Inakwenda wapi?

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kukuona ukilifanya:
ncha moja kwenye hasi ya betri,
nyingine kwenye chuma kitupu cha injini,
nikamwambia Solongo, bonyeza.
Palipotakiwa kusomeka sufuri, au jirani yake sufuri,
palisomeka saba.
Volti saba zikipotea njiani,
kwenye waya usiozidi mkono wangu kwa urefu.

Nikaufuata kwa kidole.
Chini ya kiti, nyuma ya tangi,
mahali ambapo vidole vyako vinene visingepenya,
umefungwa kwenye fremu kwa bolti moja.
Bolti imekula kutu. Kichwa cha waya kimeota kijani.
Nilipokigusa kilikatika,
kikaniachia unga kiganjani.

Unga tu.
Kondoo watatu.

Nikasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa kama jino.
Waya mwingine nikaukata kwenye lori bovu la Purevdorj,
sikumwuliza wala sitamwambia.
Nikaubana kwa koleo. Grisi haikuwepo,
nikapaka mafuta ya mkia wa kondoo;
wa nne, basi, naye kachangia.

Stata haikusema tk.
Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika,
na mita ikapanda hadi kumi na nne nukta mbili,
ikatulia hapo.
Solongo akapiga honi mpaka mbuzi wakatawanyika.

Jioni ukapiga simu kutoka Darkhan,
ghorofa ya tano, ambako joto hutoka ukutani.
"Pikipiki je?"
"Inawaka."
"Umenunua betri?"
Bolti kuukuu ilikuwa mfukoni. Nikaigeuzageuza.
"Hapana. Nimesafisha tu."
Ukanyamaza. Nikaisikia televisheni yako,
watu wasionijua wakicheka.
Kisha, kwa sauti ya chini,
"Umesafisha wapi?"