Kitabu cha Wageni, Rondo

Jina: Nyanzobe. Anaandika kwa mwandiko wa ubaoni,
mwalimu mstaafu, safari kalipiwa na mwanawe.
Atokako: Shinyanga.
Siku za kukaa: moja.
Wanyama unaotarajia kuwaona:
hapo anasita, kalamu imegusa mdomo,
kisha anaandika, tembo.

Mama, namwambia, tembo wetu sisi
unamtia mfukoni na leso yako inabaki na nafasi.
Uzito wake korosho kumi na mbili, na maganda yake;
nilizipeleka kwa sonara, Lindi mjini,
akazipima huku akinitazama kwa jicho la pembeni.

Tunatoka saa mbili usiku.
Tochi nimeivisha kipande cha kanga nyekundu ya marehemu shangazi
maana mwanga mweupe humuumiza macho.
Msitu unanuka kama chungu kilichofunikwa tangu jana.
Mvua ya mchana bado inashuka,
jani linalimwagia jani.
"Chui yupo?"
Yupo, nasema, ila hajajiandikisha.

Anachoka. Anakaa juu ya kisiki
kipana kama jamvi la watu sita,
anafunga upya kamba za viatu.
Mimi nasimama.
Kisiki hicho baba alikipigania siku nne,
yeye mwisho huu wa msumeno, Chilumba mwisho ule,
mvule ukaenda kuwa milango
ya nyumba ambazo hakuwahi kubisha hodi.
Simwambii. Halimo katika kiingilio.

Halafu, juu kushoto,
kama mtu anayefagia, akakumbuka jambo, akaacha,
akafagia tena.

Nazima tochi.
Nyanzobe ananishika mkono. Kiganja chake kimelowa.
Giza linakaa, linazoea, linaanza kuwa na matawi.
Nawasha.
Macho mawili, makaa.
Mkia umesimama wima, wa rangi ya kutu,
kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto.
Tawi linatikisika.
Tawi tupu.

"Ndiye huyo tu?" ananong'ona.
Ndiye huyo, namjibu.
Lile "tu" nimelidondosha makusudi.

Kambini anaomba kitabu.
Hafuti tembo. Pembeni yake anaandika *komba*,
analipigia mstari kwa rula ya kadi yake ya simu,
na chini, kwa wino ule ule: *ametuona.*

Alfajiri baba yuko barazani, mgongo umemkatalia kitanda.
"Somoe, kalipa kiasi gani?"
Namtajia.
"Kwa kukitazama tu kile kidude?"
Anacheka mpaka kikohozi kinamnyang'anya kicheko.
Ananyamaza muda mrefu, jogoo wawili wanapokezana.
"Na pale kwenye kisiki, mlipita?"
Tulipita. Alikikalia, akafunga kamba za viatu.
"Aa," anasema baba.
"Kumbe bado kinabeba mtu."