Kabla ya Jumamosi

Mwongozo wenyewe ni kurasa kumi na tatu tu.
Nimeuchapisha kazini kwa siri, upande mmoja,
na sasa una doa la jibini ukurasa wa nne,
pale pasemapo timu haina ngazi wala vyeo.

Jumamosi saa tatu asubuhi mafunzo yanaanza,
hotelini, ng'ambo ya mto Rioni,
siku mbili, chakula cha mchana kimelipiwa,
halafu mtihani: maswali themanini, dakika sitini.
Bosi aliniambia kwa upole, na upole ndio ulionitisha:
"Ramaz, bila cheti sijui nikuweke wapi."

Skramu.
Neno hili nalijua kwa shingo, si kwa kitabu.
Miaka kumi na moja ya raga nilikuwa nguzo ya kushoto,
matope yakinipanda puani, sikio likisuguliwa
hadi likajifunga kama kabichi.
Sikio la kufa halisikii dawa, wasema;
langu halikufa, lilikunjwa tu,
na linasikia vizuri Tatuli akigonga kalamu mezani.

Binti yangu ana miaka kumi na sita na hana huruma.
"Nguzo tatu za skramu, baba. Zitaje."
Nataka kusema: mimi kushoto, Zaal kulia,
na kati yetu, mikono yake mabegani mwetu, Gocha.
"Uwazi," nasema. "Ukaguzi."
Ya tatu inateleza.
"Kubadilika! Kila siku unasahau hiyo hiyo."

Mlango wa friji tumeugawa kwa utepe mweusi:
Bado. Inaendelea. Imekwisha.
Kukariri maadili matano: imekwisha.
Kuelewa mwenye bidhaa ni nani hasa: inaendelea, tangu Jumanne.
Eteri, mke wangu, kaongeza kikaratasi chake bila kuuliza:
bomba la bafuni. Bado.

Usiku, wamelala wote, najipima peke yangu.
Swali la arobaini na mbili.
Kazi ikiharibika, nani awajibike?
Msimamizi; mwenye bidhaa; aliyekosea; timu nzima.

Jibu ni la nne. Hata mtoto angelijua.
Lakini kidole kimeganda juu ya kitufe
nami niko uwanjani, Novemba, mvua ya mshazari,
dakika ya sabini, magoti yamekwisha,
na ninajua, kabla ya mtu mwingine yeyote kujua,
kwamba nitaachia.
Nikaachia. Skramu ikaporomoka upande wangu
na shingo ya Gocha ikatoa sauti ndogo,
ndogo sana, kama mtu anayepasua mbegu ya alizeti kwa meno.

Refa alisema ni utelezi. Kocha akasema ni utelezi.
Nami nikasema ni utelezi.
Bega kwa bega tulisema.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
mwaka wa kumi na tisa huu Gocha anachonga funguo sokoni,
akigeuka mwili mzima kumtazama mteja,
nami hupita njia ya nyuma.

Mwongozo unasema: mwisho wa kila mbio, kaeni,
mtazame nyuma mlivyofanya.
Kwa mbio za mwezi mzima, kikao kisizidi saa tatu.
Saa tatu! Sisi hatukukaa hata dakika.

Nikabofya la nne.
Sahihi, kioo kikasema, na alama yake ya kijani.

Nikachukua kikaratasi, nikaandika jina moja,
nikakibandika chini ya Bado.
Gundi ilikuwa imekauka. Kikaanguka.
Nikakiokota, nikakibana kwa sumaku ya komamanga.

Asubuhi Tatuli, mswaki mdomoni, akasimama mbele ya friji.
"Kazi gani hii? Haina maelezo.
Tutajuaje imekwisha?"
Nikamwambia bado naikata vipande.
"Anza na kile kidogo kabisa," akasema, akaenda kutema povu.

Nikatia mfukoni ufunguo wa stoo.
Ni mmoja tu tulio nao. Unahitaji nakala.