Ukingo wa Nje

Nyemo, binti wa vipimo, amenipaka ute baridi kifuani,
ameniambia nilalie ubavu wa kushoto, nisiongee.
Feni ya dari inazunguka kama inalipa deni.
Vumbi jekundu la Dodoma linapita chini ya mlango
na kwenye kioo moyo wangu unapiga makofi ya kijivu.

"Valvu hii," anasema, "watu huwa nayo ya kope tatu.
Wewe ulizaliwa na mbili."

Miaka arobaini na minne!
Nimebeba mawe ya gabioni kwa kope mbili
na hakuna aliyenong'ona.

Akabonyeza kitufe, damu ikavaa rangi.
Mlangoni palipobana ikachomoka, njano kwa kijani, imechanganyikiwa,
haikupita katikati ya mshipa mkuu kiungwana,
ilikwenda mshazari, ikapiga ukuta,
na pigo lililofuata, ukuta uleule,
na lililofuata.

Nikasahau kunyamaza.
"Huo ni ukingo wa nje wa kona."

Mimi ni mtu wa makorongo, Haubi hadi Kolo.
Nimeuona mto uliokauka miezi minane
ukishuka usiku mmoja wa Januari, majabali mawili yakaubana,
ukatoka hapo na hasira, ukakiacha kitanda chake
ukaliendea shamba la uwele la Mwanamkuu.
Upande wa ndani mchanga hujilaza, watoto huchezea.
Upande wa nje maji hukata mizizi, uzi kwa uzi,
na juu nyasi bado mbichi, mbuzi bado wanakula.
Siku ukingo unapoanguka watu husema: ghafla.
Korongoni hakuna ghafla.

Daktari Malogo akapima.
"Aota imefika milimita arobaini na sita.
Nyuzi za ukuta zinakatika, ukuta unakonda, mshipa unatanuka.
Ikikaribia hamsini na tano tutazungumzia kisu, pengine kabla."
Milimita.
Mimi hupima kwa hatua.
Kwa Mwanamkuu tulipoteza hatua tisa msimu mmoja.

Nikauliza swali la kifundi: kosa la mlango, au la ukuta?
Akakuna shingo.
"Yote mawili, tunadhani. Mlango unarusha vibaya,
na ukuta nao ulifinyangwa kwa udongo uleule
tumboni mwa mama yako."
Nilimpenda kwa lile "tunadhani".

Mawe basi, akasema. Kidonge cha presha kila asubuhi.
Urudi baada ya miezi sita.
Alikuwa ameshashika kitasa alipogeuka:
"Na watoto wako, walete tuwapime."

Nimekaa stendi ya Nanenane, tiketi ya Kondoa mfukoni,
zabibu kilo moja kwenye mfuko unaovuja,
vidole viwili shingoni,
nahesabu mafuriko madogo.

Zamda anapiga. Wamesemaje?
Nasema gari limechelewa. Nasema zabibu zimeshuka bei.
Nasema, Mudathiri asiende mazoezini leo.
"Kwa nini? Ana mechi Jumamosi."

Sijajibu. Nyuma ya sauti yake nasikia mpira
ukipiga ukuta wa jiko,
ukirudi mguuni,
ukipiga palepale.