Daftari la Zulekha

Jumamosi tatu kriketi yamkataa Badi:
anarusha, anapigwa.
Tononoka nzima imeshamhukumu,
mkono umekwisha, apumzishwe,
hata muuza kachiri ana kauli.

Zulekha hapandishi sauti.
Anafungua daftari lenye madoa ya ukwaju,
misimu minne kwa kalamu ya risasi:
mipira elfu mbili, mia sita na kidogo,
wiketi mia moja na tisa.
"Jumamosi tatu ni mipira tisini tu.
Ukichota kikombe kimoja Kilindini
utasema bahari haina samaki?"

Nahodha Chengo anakuna shingo.
Daftari halichezi kesho, asema.
Kesho anacheza Badi,
na bega lake hili la leo.

Na hilo nalo kweli.

Zulekha anageuza ukurasa.
Pembeni kuna vialama vinne,
vidogo kama punje za ufuta.
"Hivi ni nini?"

Anainamisha macho, hanitaji.

Ni mipira iliyopigwa ikapanda juu,
ikashuka taratibu, jua likiwa nyuma yangu,
ikapita katikati ya viganja vyangu.

Ubaoni wakaandika jina la Badi.