Kioo cha Kushoto

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi,
na gari la Mwalimu Anyelwisye lilikuwa limeiachia pa kuingilia:
kioo cha kushoto kimezama miezi minane,
pengo limezibwa kwa mfuko wa mbolea
unaopiga kelele kuanzia Katumba
kama bata aliyekanyagwa.

"Fundi yuko wapi?" akaniuliza,
testa ikiwa mkononi mwangu.
Nimezoea.
"Fungulia swichi," nikamwambia, "injini iache ilale."

Kiwira walimuuzia mota. Uyole wakamuuzia nyingine.
Hiyo ya pili ina afya kuliko mimi.
Uziwi wa fundi hulipiwa na mteja.

Mimi kwanza nabonyeza, naangalia taa za dashibodi.
Zikififia, mota inakula umeme ila imekwama,
nitatafuta kamba iliyokatika, reli iliyokauka grisi.
Zisipofifia, umeme haujafika,
na wa kulaumiwa yuko njiani.

Hazikufifia.

Fyuzi nzima.
Swichi nikaing'oa, nikainusa: haijaungua.
Nikamwambia Tusajigwe, mwanafunzi wangu, abonyeze asiachie,
nami nikaurudisha mlango taratibu,
inchi kwa inchi,
kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala,
na ulipokaribia kufunga, ndani ya bati,
nguu.
Mara moja. Kisha kimya.

Hapo. Kwenye bawaba.
Nikauvuta ule mpira wenye mikunjo kama shingo ya kobe.
Nyaya zimelala ndani, rangi zote salama,
macho hayana la kusema.
Vidole ndivyo vilivyoona:
ule wa kijani, ukiukunja, unakubali mno.
Ngozi nzima, mfupa umevunjika.

"Mwalimu, mlango huu umefunguliwa kuliko wa dereva.
Nani hukaa hapa?"
"Nilikuwa nampeleka mama Igogwe. Kila Jumatano."

Nilikuwa.
Sikuongeza swali. Nikamenya waya,
nikaunga, nikachomea risasi,
nikauachia urefu wa ziada,
maana waya uliokazwa haumalizi masika.

Kisha kioo kikapanda,
kizito, kikijikwaa kwenye ukavu wake,
na pale juu, upande wa ndani,
kikapanda na alama za vidole vinne:
mafuta ya mgando, vumbi limeyashika,
vidole vya mtu aliyejishikilia
kwenye kona za kushuka Kiwira.

Mwalimu alisimama na funguo mkononi.
Mvua ikafika. Safari hii
ilibidi ipige hodi.

Kitambaa nilikuwa nacho tayari. Ni desturi,
kioo hukabidhiwa kikiwa safi.
Nikakirudisha mfukoni.
"Elfu kumi na mbili," nikasema.

"Dada," Tusajigwe akaita, "kioo hujakifuta."
Nikamtuma akanitafutie bisibisi
iliyokuwa mfukoni mwangu.