Ukoko

Mwezi uliandama, hatukulala:
Mama akichambua mchele, mimi vitunguu,
hadi foronya zikanuka bizari.

Baada ya sala wakateremka kutoka hosteli za Mlimani
hadi kwetu Changanyikeni, wageni watatu.
Lasse wa Ufini, kapakata tikiti maji kama kichanga.
Nomvula wa Eswatini, kanga kiunoni,
maandishi yake kichwa chini, miguu juu.
Na Tuyet wa Vietnam,
Kiswahili chake chote: "asante" na "pole".

Sinia likatua mkekani.
Lasse hakujua aikunje vipi ile miguu;
akaketi kama meza iliyovunjika.
Pilipili ikamtoa machozi.
"Pole," akasema Tuyet,
na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Ilipobaki mifupa na maganda ya iliki,
Mama akavuta sufuria. Kule chini, ukoko.

Lilikuwa fungu la Mundhir, kaka yangu.
Yuko Ankara, Idi ya tatu hii.
Kila mwaka Mama huukwangua, huufunika kwa kawa,
jioni tunawamwagia kuku,
hatusemezani.

Tuyet akanyoosha shingo. Akaonyesha sufuria,
akajigonga kifua, akaonyesha vidole vinne:
nadhani dada zake. Kisha akaigiza ugomvi.

Mama hakuuliza tafsiri.
Akashika mwiko, akakwangua
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.
"Kula, mwanangu. Kula ungali mkavu."

Halafu akageukia dirisha.
"Moshi huu," akasema.

Jiko lilikuwa limezimika tangu saa nne.