Kugonga Dari

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Hii ninayoipima ina sentensi elfu arobaini na moja,
miaka kumi na miwili ya hotuba kutoka bunge la Warsaw,
nimezimwaga zote kwenye kompyuta yenye feni mbovu,
chumba cha nyuma, Bytom, ghorofa ya tatu,
ambako kuta zina nyufa
kwa kuwa chini yetu palichimbwa, pakaachwa.

Kazi yangu nayo huitwa kuchimba.
Baba hucheka akilisikia neno hilo.
"Kwa mikono misafi hivyo?" husema, kisha hukohoa.

Naifundisha mashine kwa kauli zilizokwisha kuhakikiwa:
hii kweli, hii uongo, hii chai iliyotiwa maji.
Mengine imeyang'amua yenyewe, bila kuambiwa:
kwamba mwongo hupenda "sisi" kuliko "mimi",
kwamba huapa kabla hajaulizwa,
kwamba asilimia zake huishia na sifuri.
Machi, mbunge Pniok alisema mgodi hautafungwa kamwe,
kwa heshima ya babu zetu.
Mashine ikampa kumi na nne kwa mia.
Mgodi ulifungwa Juni.
Ofisini wakaleta keki.

Kipande nilichompelekea Baba hakukigusa.
"Kule chini," alisema, "kabla ya kukaa kula mkate
tuligonga dari kwa mpini wa sururu,
tukatega sikio.
Mwamba mzima hulia kama kengele.
Uliooza hulia kama mtu aliyefunikwa blanketi.
Gerwazy siku moja alikuwa na njaa, hakugonga."

Jana usiku usingizi ulinipaa.
Nikaingiza sentensi moja isiyo ya mbunge yeyote,
niliyoitamka mwenyewe Jumanne, kwenye ngazi za hospitali,
bahasha ya picha za eksirei nimeibana kwapani:
"Daktari amesema mapafu yako yanaendelea vizuri."
Fupi. Haina kiapo. Haina hata sifuri moja.
Mashine haikuchukua muda wa kupepesa jicho.
Kweli. Tisini na moja kwa mia.

Asubuhi nilimkuta jikoni, chai yake inafuka.
Nikairudia ile sentensi, kwa sauti ileile.
Akakunja ngumi, akaigonga meza mara mbili,
polepole, kichwa amekiinamisha upande,
kisha akanisogezea sukari.